Mzee Aliyepima Vifo kwa Viti

Kama ungefia Nyamugari, mtaa wetu hapa Gitega, Burundi, katika miaka ya enzi yake, kabla mkeo hajamaliza ukelele wa kwanza Msemaji angekuwa ameshajua unastahili viti vingapi. Najua, maana viti vilikuwa vyangu. Nilikuwa navyo, na bado ninavyo, viti vya plastiki vingi kuliko vya bunge lolote unalolijua, pamoja na mahema matatu, moja likiwa na tundu ambalo mvua ya Gitega haijawahi kulikosa. Simu ikilia asubuhi nikaona ni yeye, sikuuliza nani kafa. Niliuliza tu, "Mzee, ngapi?"

"Arobaini," angesema. "Mwalimu wa shule ya msingi." Kisha angefikiri upya. "Lakini alikuwa mlevi. Lete thelathini na tano."

Kwetu kilio hakiendi bila msemaji. Watu wanaweza kukaa uani, wakanywa, wakaimba, wakalia mpaka makamasi yakaisha, lakini mpaka mtu wa maneno asimame, amtaje marehemu, aeleze alivyoondoka na kuwapa pole wafiwa, kilio hakijafunguka. Baada ya miezi, au mwaka, mtu huyo husimama tena siku ya kuondoa msiba, ile ambayo Warundi wanaiita kuganduka. Anasema neno, watu wanakunywa, na wafiwa wanarejea duniani: wanavaa rangi, wanakwenda harusini, wanacheza. Bila neno la kwanza hakuna la pili. Kwa hiyo unaona mwenyewe jinsi mtu mmoja alivyoshika mtaa mzima kooni.

Sauti yake sitii chumvi hata kidogo. Akikohoa Nyamugari, mbuzi wa mtaa wa Musinzira walikuwa wanainua vichwa. Kipaza sauti changu alikikataa, akasema ni cha watu wenye mapafu ya kuku. Na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, kwa sababu alikuwa amekaa Tanzania kambini miaka mingi kabla ya kurudi, na hakutusamehe kwamba sisi wengine hatukukaa. Alitusahihisha popote. Mjane mmoja wa mtaa wa Yoba alikuwa amejitupa juu ya jeneza akilia, "Mume yangu! Mume yangu!" Msemaji akamgusa bega kwa upole kabisa.

"Mume wangu, mama. Endelea."

Na mama akaendelea, vizuri.

Lakini usije ukafikiri alikuwa mtu wa roho ya jiwe, ungekuwa umerahisisha mambo. Kulikuwa na mwendawazimu mmoja aliyelala kando ya soko, amefunikwa na magunia. Alipokufa hakuna aliyetaka kumgusa. Msemaji alikunja mikono ya shati, akachota maji, akamwosha peke yake kuanzia nywele mpaka kucha za miguu, akamvisha suruali yake mwenyewe ya Jumapili. Nilimwona kwa macho yangu, nikalia kama bomba la mtaani. Halafu akajifuta mikono, akanipigia simu ingawa nilikuwa nimesimama hatua nane kutoka kwake.

"Viti vitano," akasema. "Vinne vitabaki wazi."

Mimi mwenyewe nilimaliza shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, mwanangu wa kwanza akinisaidia hesabu. Diploma yangu ni kubwa, ilibidi tuiingize nyumbani kwa upande. Siku hiyo Msemaji alijitolea kunisemea. Alisimama, akanisifu kwa bidii yangu, kwa moyo wangu, kwa jinsi nilivyopendwa na wote walionijua, mpaka mama yangu aliyekuwa amechelewa akaingia uani, akamsikia, akaanguka chini akipiga yowe. Alidhani nimekufa. Tulimmwagia maji nusu ndoo.

Watu wazima na afya zao walimwendea kuuliza bei yao, kama wanavyouliza bei ya ng'ombe. Muuza nyama wa jirani ndiye alikuwa msumbufu kuliko wote.

"Mzee, na mimi je? Ngapi?"

"Wewe? Sitini."

"Sitini tu! Na hii mitaa yote nailisha mimi?"

"Sitini ukifa kiangazi. Ukifa wakati wa kupanda maharage, ishirini."

Muuza nyama akaanza kumpelekea mguu wa mbuzi kila Jumamosi, na akapandishwa mpaka themanini. Akafa siku ya fainali ya mpira. Nilipeleka viti ishirini na tano, na saba kati ya hivyo vilikaliwa na watu waliokuwa wamegeuzia redio masikio.

Sasa nifike kwenye redio, maana ndiko kipimo chake kilikotoka. Kila asubuhi alikunywa chai mezani huku redio ya Kifaransa ikisema dunia imeamkaje. Mara nyingi nilikuwa hapo, kwa sababu mkewe alikuwa anakaanga na kuuza mandazi ya kumtoa mtu kwenye kanisa lake. Bomu likilipuka mji wowote wa Ulaya, Msemaji aliweka kijiko chini, akavua kofia, akasimama. Kweli alisimama. Machozi yalimtoka ya kweli pia, na alitaka kujua msichana aliyetajwa alikuwa na miaka mingapi, alikuwa anasomea nini, mbwa wake amebaki na nani. Redio ikihamia Kivu, au Sahel, au Somalia, au Gaza, alikaa. Wakati huo ndio alikuwa anauliza sukari iko wapi.

Jirani yetu mmoja, Haji muuza viungo, alikuja asubuhi moja baada ya soko kulipuliwa Somalia. Hakutaka hema wala viti. Siku hiyo tulikuwa na kilio cha mtu mwingine, naye akaomba wale watu wa soko watajwe tu katikati ya maneno, sentensi moja, watu waseme amina.

"Soko lile hulipuka, Haji," Msemaji akasema huku akipaka siagi. "Nikianza nalo, mwenye kilio wa leo nitamsemea saa ngapi?"

Haji akacheka. Mimi nikacheka zaidi ya Haji. Ndivyo ilivyokuwa: alikuwa anakuchana, na wewe unacheka ili uonekane hujachanika.

Alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kama daktari anayesoma karatasi ya maabara. "Kuna watu ambao hawakutegemewa kufa," alisema. "Wamekwenda kusikiliza muziki, wamekwenda kunywa kahawa, wakafa. Hiyo inashtua. Sisi wengine tunategemewa. Kufa kwao ni habari. Kufa kwetu ni majira. Umeona mtu analilia masika?"

Siku moja tu nilithubutu kumuuliza juu ya watu wake mwenyewe, wale aliowaacha nyuma wakati anakimbilia Tanzania. Nilijua walikuwepo, kila mtu wa umri wake ana wake. "Nyinyi mlikaa kilio, mzee?"

"Tulikuwa tunakimbia, Bwana Viti." Akauma andazi. "Na walikuwa wengi mno. Watu wengi hawaliliki."

Akaomba chai nyingine. Mkewe aliyekuwa jikoni aliacha kukaanga, nikasikia mafuta yakiungua.

Kazi yake kubwa kuliko zote, ile ambayo Nyamugari na Yoba mpaka leo wanaisimulia, aliifanya kwa ajili ya watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Watu wenye silaha waliingia kwenye ukumbi wa muziki katika mji mmoja wa Ulaya wakaua vijana. Msemaji alinipigia kabla ya saa moja asubuhi. "Mia na ishirini," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka. Nilipeleka vyote nilivyokuwa navyo, vingine nikaazima kanisani. Tulifunga mahema matatu kwenye uwanja. Wanafunzi wa shule ya jioni walijichora bendera mashavuni, mimi nikiwa wa kwanza, na rangi ile ilichukua wiki nzima kutoka. Tulinyamaza dakika nzima, Nyamugari! Mahali ambapo hata maiti hainyamazi!

Kisha akasimama. Hakushika karatasi. Alitaja vijana kumi na wawili, jina na ukoo, na kila jina alilitamka kama lilivyo kwao, pua ikitumika pale panapotakiwa pua. Mmoja alikuwa anajifunza kupiga filimbi. Mmoja alikuwa amemwahidi bibi yake kurudi mapema. Wanawake walilia kama waliwanyonyesha wao. Na aliyelia kuwapita wote alikuwa safu ya pili, Mama Riziki, Mkongo wa Kivu Kusini, muuza vitenge, nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa ameleta sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kwao, kwa ajili ya watu wa kilio. Alilia mpaka kilemba kikafunguka.

Haikupita nusu mwaka, akaja kwa Msemaji asubuhi. Tulikuwa kwenye mandazi. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, kichwa wazi, miguu ina vumbi kama ametembea kutoka huko huko kwao.

"Mzee, kaka yangu bamemuua," akasema. "Yeye na muke yake na batoto. Waasi bameingia mu kijiji, bamefunga nyumba, bamechoma. Nimekuja unifungulie kilio."

Msemaji akasimamisha taya. "Pole, mama. Pole sana. Maiti ziko wapi?"

"Maiti gani, mzee? Baliungua. Haiko kitu."

"Sasa bila maiti tutakaa kilio cha nini?"

Mama Riziki akamtazama. Sijasahau alivyomtazama. "Na bale ba Ulaya," akasema taratibu, "maiti zao zilikuwa mu Yoba?"

Ungefikiri hapo mzee angepatikana. Wapi. Alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja.

"Wale, mama, dunia nzima ilikuwa inawalilia. Sisi tulijiunga tu. Wa kwako nani ameanza?"

"Mi nimeanza."

"Redio imesema?"

"Bado haijasema."

"Basi ngoja iseme."

Kulikuwa na watu pale mlangoni, wateja wa mandazi, labda sita, labda kumi, nikisema mia utajua ni mimi. Mama Riziki alitaja watu wake akihesabu kwa vidole, akamaliza, na hakuna aliyejua atazame wapi. Mimi sipendi ukimya, unanichoma mgongoni kama viroboto. Nikasema kwa furaha yangu ileile, "Mama Riziki, usijali, mi nitakuletea kiti kimoja kizuri ukae ulie peke yako!"

Walicheka. Vraiment, kweli kabisa, walicheka, na Msemaji akacheka mpaka akapaliwa na chai, nikampiga mgongoni. Mama Riziki akafunga kitenge upya, akasema, "Bon, haya," akatoka.

Aliingoja redio. Alikuwa hana, akaomba ya kwangu, akakaa nayo mlangoni siku tisa, bidhaa zimekunjwa ndani. Siku ya tisa redio ikasema kwamba raia kadhaa wameuawa Kivu Kusini, kisha ikasema matokeo ya tenisi. Akainyanyua redio vilevile inavyoimba, akaibeba mpaka kwa Msemaji.

"Imesema, mzee."

"Imesema kadhaa. Nimesikia. Kadhaa ni wangapi? Nitamwambia Bwana Viti alete viti kadhaa?"

Kilio hakikufunguliwa. Mama Riziki alivaa nyeusi siku hiyo na hakuivua. Kuuza vitenge vya maua na ndege huku umevaa nyeusi si jambo jepesi, wateja walikwenda kwa wengine. Hakuhudhuria tena vilio vya watu, wala harusi, wala ubatizo. Watoto wa mtaa walimwita Usiku. Na sisi watu wazima tukawa tunasema anajikweza, msiba gani huo usiokwisha, kwani ni yeye wa kwanza kufiwa?

Msemaji naye akapatwa na kiharusi, akiwa katikati ya kumsemea mke wa tajiri mmoja, viti tisini. Upande wa kulia ukalegea. Binti yake aliyeolewa Muyinga akaja kumchukua, na namba yake ya simu ikafa. Nafasi yake ikashikwa na kijana mwenye suti anayependa kipaza sauti changu na anayemaliza haraka.

Miaka minne ikawa imepita hivyo, mpaka Riziki mwenyewe, binti yake Mama Riziki, akapata mchumba. Kijana mzuri, fundi wa pikipiki, ukoo wake unaheshimika. Wakweze walitaka kuja na pombe yao, kama inavyotakiwa. Mama Riziki akasema hawezi kuwapokea. Mwenye msiba haketi na wakwe, hacheki, hachezi, na msiba wake hauna aliyeuondoa. Binti alilia, akapiga magoti. Wakwe wakaja mara moja wakarudishwa mlangoni, mara ya pili vilevile, mara ya tatu wakatuma neno kwamba wana watoto wengine wa kiume na Gitega ina wasichana wengine. Waliwapa mpaka mwisho wa mwezi. Tukamwambia mama, kijana mwenye suti yupo, atasema maneno yote mawili kwa siku moja, ya kufungua na ya kuondoa.

"Hapana," akasema. "Ule mzee ndiye alinikatalia mbele ya batu. Ni yeye aseme mbele ya batu. Akisema neno moja tu, mi kesho navaa rangi, na wakwe bakuje."

Nilikuwa na viti vya kupeleka Muyinga kwa harusi ya watu wengine. Mama Riziki akaja kusimama kando ya gari wakati ninafunga kamba.

"Baba, uko naenda Muyinga. Mutafute. Umuambie sina kinyongo. Aje hata na kitanda, tutamubeba."

Nilimwambia nitamleta hata kama ni kwenye paa la gari.

Kumpata hakukuwa kazi. Muyinga nzima ilikuwa inamjua mzee anayekaa mbele ya nyumba kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kobero akisahihisha Kiswahili cha madereva wa malori. Nilimkuta saa tano asubuhi, jua kali, amewekwa kwenye kiti cha mbao na mito miwili. Alikuwa amepungua, ungeweza kumtia kwenye begi la shule. Mdomo umepinda kidogo. Sauti tu ndiyo ilikuwa imekataa kuugua.

"Bwana Viti!" Kuku wote wa binti yake walikimbia. "Nani kafa?"

Nikamweleza. Nilijiandaa kwa mzaha, nilijiandaa kukataliwa, nilikuwa hata na hotuba, maana mtu wa shule ya jioni haendi Muyinga bila hotuba. Sikufika nusu. Mkono wake wa kushoto ulinishika kifundo, na machozi yakaanza kushuka upande ule mzima wa uso.

"Nitakuja," akasema. "Kesho. Leo, kama gari lina nafasi. Unafikiri nimekaa hapa miaka hii nafikiria nini, malori?" "Nilimwambia, nani ameanza. Akasema, mi nimeanza. Hilo jibu, Bwana Viti. Sikuwa na neno la kulijibu ndiyo maana nikacheka nawe."

Akamwita binti yake amletee shati jeupe. Binti akasema baba huwezi kusafiri, naye akasema nitasafiri nimelala. Akataka kujua mahema mangapi yapo. Akataka viti mia na ishirini, na kama nimevigawa, nivikusanye. Alikuwa ameanza kukaa wima.

"Nitamsemea kama nilivyowasemea wale," akasema. "Jina na ukoo, mmoja baada ya mmoja, kama wanavyoitwa kwao. Leo jioni nijifunze, kesho niwe nayo kichwani. Haya, nipe. Kaka yake alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

"Kaka yake Mama Riziki," nikasema.

"Hilo si jina."

"Nalijua, mzee. Ngoja." Alikuwa amelitaja. Asubuhi ile, kabla ya kuondoka mlangoni, alitaja wote akihesabu kwa vidole, naviona vidole vyenyewe, vina rangi ya vitenge. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuchekesha.

"Mkewe?"

Lori likapita. Nikangoja vumbi litue, kisha nikangoja zaidi.

"Watoto walikuwa wangapi?"

"Wanne," nikasema. "Au watano."

Alinitazama kwa jicho lile moja lililobaki na nguvu. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. "Mpigie," akasema. "Muulize."

Nikatoa simu. Nikasogea hatua chache, mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Mama Riziki hakuiacha iite hata mara mbili. Nyuma yake nilisikia soko, na Riziki akiuliza, mama, ni yeye?

"Allô, baba! Umemukuta? Amekubali?"

Miaka minne ya kuazimana chumvi. Nyumba ya pili. Ningesema nini? Mama, amekubali, ila tukumbushe, wako walikuwa wanaitwa nani? Nilijaribu kuipanga hiyo sentensi kwa Kiswahili, kwa Kirundi, hata kwa Kifaransa cha diploma. Mzee alikuwa ameinua kidole cha kushoto, tayari kuanza kuhesabu nacho.

"Sikumkuta, mama," nikasema. "Wanasema walimrudisha Tanzania. Hakuna anayejua wapi."

Kidole kikashuka. Alikuwa amesikia, maana na mimi sina sauti ndogo. Aligeuza uso akatazama barabara.

Nikamsikia Mama Riziki akifunika simu kwa kiganja na kumwambia binti yake neno fupi. Halafu akarudi.

"Haya," akasema. "Umeenda mbali bure juu yangu. Pole na safari, baba. Umekula?"